Nje Ndani Ampeleka Mkwe Bondeni

Fundi viatu wa pale kituoni watu walimbandika jina la Nje Ndani, na mchawi wake ni mdomo wake mwenyewe. Ukimpelekea kiatu kishonwe soli, utakaa kwenye kigoda chake mguu mmoja peku, huna pa kukimbilia, na hapo utasimuliwa habari za bonde alikozaliwa. "Lile bonde nalijua nje ndani," atasema, uzi umening'inia mdomoni. Asichosema ni kwamba alitoka huko akiwa mgongoni mwa mama yake, na tangu hapo hajarudi ila kwa gari, kumsalimia dada yake na kugeuza.

Basi bintiye akapata mchumba. Baba wa kijana ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai na fimbo, na Nje Ndani alimwogopa kweli kweli. Mtoto naye kwa kijana yule hasikii haambiwi, kwa hiyo baba mtu akajiapiza kwamba posa hii haitaharibika kwa sababu yake. Siku ya kupanga harusi, kikao kikiwa huko bondeni kwa dada yake, gari lililobeba familia zote mbili lilipofika darajani mkewe akageuka.

"Baba watoto, si unalijua bonde hili? Shuka na mkwe mpandishe na mto hadi kwa wifi. Sisi tunatangulia."

Angesemaje? Wazee wakashuka.

Mwanzo mambo yalikuwa shwari. Nje Ndani alikuwa akitaja miti majina anayoyatunga papo hapo, na mwalimu anaitikia kwa kichwa. Mara wakafika mahali mito miwili inakutana. Miwili, jamani, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Mwalimu akanyoosha fimbo kushoto. "Nadhani ni huku, au siyo mkwe?"

Sasa mkwe utamkosoa? "Umesema kweli, mkwe."

"Basi tangulia, wewe ndiye mwenyeji."

"Hata kidogo, mkwe, tangulia wewe."

Walisukumiana heshima pale hadi mbuzi waliokuwa wakila majani wakaacha kula wakawatazama. Mwisho wakaenda bega kwa bega kwenye njia ya mtu mmoja, kila mmoja na mguu wake mmoja kwenye miiba.

Mama mmoja aliyekuwa akifua akawauliza wanakwenda wapi. Kumuuliza njia kungekuwa rahisi mno.

"Tunanyoosha miguu tu," wakajibu kwa pamoja.

"Huko mbele ni matope matupu, wazee wangu."

Wakamshukuru, wakaendelea huko huko. Maana ili warudi ni lazima mmoja aanze kugeuka, na atakayeanza amemuumbua mwenzake.

Matope hayakuwa na adabu hizo. Yalimmeza mwalimu hadi magotini, tai ikachovya. Nje Ndani akamvuta kwa nguvu zake zote, na wakiwa wamekumbatiana hivyo, akaona liwalo na liwe.

"Mkwe, nisamehe. Bonde hili silijui. Msimkatae mtoto kwa uongo wangu."

Mwalimu alijipangusa kwanza. "Nilijua tangu ulipouita mwembe mvule. Lakini wewe ni mkwe, ningekusahihishaje? Na kule kushoto nilibahatisha tu, nikingoja unikatalie."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakarudi kwa yule mama, wakauliza njia kama watu wengine.

Walipofika, vyombo vilikuwa vimeshaoshwa. Wanawake walikuwa wamekaa barazani, wametulia tuli.

"Harusi ni mwezi ujao," mkewe akasema. "Tumeshamaliza na mama yake kijana, hadi ukumbi."

"Bila sisi?"

"Mngekuwepo mngeshinda mnanyenyekeana, tarehe isipatikane. Ndiyo maana tuliwashusha."

Nje Ndani akamgeukia bintiye, yule ambaye kwa ajili yake alikuwa tayari kuzama topeni. "Hata wewe ulijua?"

Binti akainamisha uso. "Wazo lilikuwa langu, baba. Niliogopa nitazeekea kwako nyumbani."

Iliuma, asikudanganye mtu. Furaha ilikuwepo, lakini iliuma. Akaomba maji ya kunawa miguu.