Mkanda wa Kiunoni

Marahaba, mwanangu. Kaa kidogo. Bega linaniuma tangu asubuhi, kwa hiyo nitasema polepole. Ipo siku moja ambayo huikumbuka kila nionapo begi jipya la safari, nawe nasikia unakwenda kununua la kupandia mlima.

Nilikuwa kijana wa Mofu, nimepata kazi ya kubeba chakula na vyombo vya wageni wanaopanda milima ya Udzungwa. Nikaenda kwenye mitumba pale Kibaoni, nikachagua begi kubwa kuliko yote. Sikulijaribu, nilitaka tu wenzangu walione. Lilikuwa na mkanda mpana wa kiunoni. Nikaukata, nikaufanya kamba ya kufungia gunia la mpunga kwenye keria ya baiskeli. Mkanda imara vile, niliona ni hasara kuuvaa tumboni. Ujana una mambo yake.

Siku ya pili mlimani mzigo wote ulikuwa unaning'inia mabegani. Begi lenyewe refu kuliko mgongo wangu, linanigonga makalioni kila hatua. Kufika mchana vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi, nikaanguka. Mzee Damiani, mpagazi mkongwe tuliyekuwa naye, akanivua begi, akapatazama pale nilipokata.

"Ungeniuliza," akasema. "Anayebeba ni kiuno, si mabega."

Alibeba lake mgongoni na langu kifuani mpaka kambini. Kesho yake, wakati wa kushuka, goti lake likashindwa, na hakupanda mlima tena. Alikuwa na watoto watano wanasoma. Nilimwendea mara nyingi kumwomba msamaha, yeye akawa ananiuliza habari za mpunga tu. Mpaka leo naona aibu.

Basi nisikilize, maana nimechoka kuyarudia haya. Begi usilinunue kwa rangi. Livae palepale dukani, litiwe mzigo ndani, hata mchele, utembee nalo. Urefu wake uufuate mgongo wako. Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ufunge huo kwanza, ndipo uvute mikanda ya mabegani. Lisipokukaa, liache, wenzako wacheke watakavyo. Ukiumia kule juu hutaachwa njiani. Yupo atakayebeba mzigo wako, naye ana watoto wake.

Haya, nenda. Mungu akulinde kupanda na kushuka, na kila utakayeongozana naye arudi kwake mzima.