Watatu Wakikaa ni Kikao

"Shule yetu imekwisha," Doreen alisema kutoka upande wa pili wa ua, vibanio vya nguo vikiwa bado mdomoni. "Kile kigari cheupe hujakiona kimesimama shuleni? Bodi imemwita Marvene."

"Lakini si anakaa hapa hapa mjini Kessel, Bi Doreen?" Brenna aliuliza.

"Anakaa hapa, kazi yake iko jimbo zima. Chama kinamtuma. Na kila bodi inayomwita yule mama, shule yake inafungwa. Miji tisa, nimehesabu mwenyewe. Halafu jiulize kwa nini hapandi gari na watu. Alipokuwa kwenye bodi, wenzake wakimkaribisha waende mkutanoni pamoja, anakataa. Anawafuata nyuma peke yake kama gari la maiti."

Brenna alimhamishia mtoto bega la pili, akatazama shuka za Doreen zikipigwa na upepo. Ulikuwa mwisho wa Oktoba, na upepo wa mwaka ule ulikuwa umeanza mapema kuwa na meno.

Kwa kweli Brenna alikuwa akimtazama Marvene Tiedtke kutoka dirisha la jikoni kwake kwa miaka mitatu. Alimjua kwa namna majirani wanavyojuana bila kutembeleana. Alijua kwamba mama huyo hawezi kupika chungu kidogo, kwa sababu alikuwa mpishi wa shule miaka kumi na tisa, na mpaka leo supu yake inatosha darasa zima. Huigawa kwa wajane katika makopo. Alijua kwamba anakumbuka kila mtu mzima wa Kessel alikuwa akiacha mboga gani kwenye sahani utotoni. Baada ya jikoni alichaguliwa kuingia bodi ya shule, na baada ya bodi akawa mtu wa Chama.

Chama chenyewe ni cha wajumbe wa bodi za shule za jimbo lote. Wajumbe hao ni wakulima, wauza mbegu, akina mama wa nyumbani, watu waliochaguliwa na majirani zao waendeshe shule bila mshahara, na wengi wao bila kujua sheria. Wakikwama, wanapiga simu mji mkuu, na Chama kinamtuma mtu kama Marvene, na faili lake la bluu, awakalishe chini awafundishe.

Kessel walikuwa wamekwama. Watoto shuleni walibaki arobaini na mmoja. Jumatatu jioni bodi ingepiga kura kama shule ifungwe na watoto wapelekwe mji wa Orrin, maili thelathini na nane kwa basi. Josie, mtoto mkubwa wa Brenna, ana miaka sita. Barabara ya Orrin haina mti hata mmoja wa kuzuia theluji. Kuna baridi moja, miaka iliyopita, basi la wilaya ya jirani lilikwama huko kwa saa tisa na watoto ndani, na mmoja wa watoto wale vidole vya mguu wake wa kushoto viliganda, vikakatwa. Brenna akilifikiria basi hilo, mikono yake huanza yenyewe kutafuta miguu ya Josie.

Mwenyekiti Gaylen Strohm aliwaambia watu wasiwe na wasiwasi, hakuna kilichoamuliwa. Lakini Ijumaa Brenna alipokwenda kumchukua Josie, aliona bembea zimeng'olewa, minyororo imekunjwa vizuri kwenye ndoo. Na mtu mmoja alikuwa akipima madirisha kama ya kuzibwa kwa mbao, anaandika, anapima linalofuata.

Tena Brenna alikuwa na jambo lake lililokuwa likimkaa kooni tangu Alhamisi.

Siku hiyo walimzika mwalimu mmoja mzee, na baada ya mazishi watu wakateremka ukumbi wa chini wa kanisa kula, kama kawaida: viazi vya kuoka na jibini, mikate ya nyama, jeli ya kijani yenye karoti ambayo hakuna anayeipenda na haikosekani. Mtoto alilia. Brenna akaingia stoo ya kanisa, akakaa nyuma ya rafu za viti vya kukunja, akamnyonyesha. Mlango ukafunguliwa. Wakaingia watu watatu kubeba meza: Gaylen na wenzake wawili wa bodi. Hawakubeba meza.

"Jumatatu tunapiga kura tu, basi," Gaylen alisema. "Tumeelewana? Tunafunga."

"Watu watapiga kelele, Gaylen."

"Wapige. Kila mmoja aongee dakika tatu, tunatikisa kichwa, tunasema asanteni. Orrin nimeshawaambia watuwekee nafasi."

Mtoto akacheua. Gaylen akazunguka rafu, akamwona. Hakukasirika. Alitabasamu, akamgusa mtoto shavuni kwa kidole kimoja.

"Anakua huyu. Darrin hajambo? Mwambie lile paa lenu nitaleta watu walitazame kabla ya theluji."

Maana Darrin, mume wa Brenna, anafanya kazi kwenye maghala ya nafaka ya Strohm. Na nyumba wanayokaa ni ya Strohm.

Tangu hapo pikapu ya kijivu ya Gaylen ilipita mbele ya nyumba asubuhi na jioni, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Brenna hakumwambia Darrin.

Jumapili mchana, Josie akiwa sakafuni anachora, mlango uligongwa. Alikuwa Marvene, na kopo la supu, na faili la bluu kwapani.

"Hodi, mwanangu. Nimepika nyingi."

"Wewe siku zote unapika nyingi, Bi Marvene. Karibu."

Wakanywa kahawa. Marvene alimwuliza Josie kama bado anaficha njegere chini ya viazi, kama bibi yake, mama wa Darrin, zamani shuleni. Josie akacheka mpaka akaanguka. Kisha Brenna akashindwa kujizuia.

"Ni kweli wewe ndiye unayefunga shule?"

"Doreen huyo." Marvene alitabasamu kidogo. "Wananiita wakishafunga moyoni, mama. Mimi huwa nafika kwenye matanga."

Akazungusha kikombe mezani.

"Na lile la gari amekwambia? Mwaka wangu wa kwanza kwenye bodi, tulikwenda mkutano mkuu wa Chama gari moja, mimi na wenzangu wawili. Bodi nzima tuko watano, sisi watatu tumo garini, safari ya saa nne. Tukaongea. Tulipofika tulikuwa tumeshamwondoa mwalimu wa muziki kazini, tunacheka, tunakula karanga. Nani aliwaza kwamba kile kilikuwa kikao? Watatu kati ya watano wakiongea habari za shule bila tangazo, sheria inasema ni kikao cha siri, na kura yake haina nguvu. Mtu wa Chama alikuja jikoni kwangu akanieleza. Tulipoifuta ile kura, mwalimu alikuwa ameshahama. Hakutaka kurudi. Barua yangu ya kumwomba radhi ilirudishwa haijafunguliwa. Ndiyo maana naendesha peke yangu."

Nje, injini ilisikika ikija polepole. Brenna hakugeuka kutazama. Aliijua.

"Alhamisi nilikuwa namimina kahawa," Marvene aliendelea, sauti chini. "Mpishi haachi kuhesabu. Waliingia stoo watatu. Wakatoka watatu. Halafu ukatoka wewe na mtoto, uso umekuwa kama unga."

Brenna aliweka kikombe mezani.

"Nimemwambia Gaylen usoni kwamba kile kilikuwa kikao cha siri, hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa. Akanicheka. Akasema, nani alisikia? Na mimi sikusikia, nilihesabu tu. Siwezi kusimama niseme nisichokisikia."

"Nikisema, shule itabaki?"

"Sikudanganyi. Kura itazuiwa, waanze upya mbele ya watu, na Gaylen hataweza kuharakisha. Pengine baridi hii Josie atatembea kwenda shule. Ya mwakani siijui."

"Na sisi? Darrin?"

Marvene aligeukia dirisha. Pikapu ilikuwa imesimama. Injini haikuzimwa, vyombo kwenye rafu vilitetemeka kidogo, kikombe kikagonga kikombe. Josie alinyanyua kichwa.

"Mama, nani huyo?"

"Endelea kuchora, kipenzi."

Marvene alifungua faili, akatoa kadi moja ndogo nyeupe, ile ambayo kila anayetaka kuongea kikaoni lazima aijaze na kuikabidhi kwa mwenyekiti kabla ya saa moja jioni. Akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja kana kwamba imekunjika, na juu yake akaweka kalamu.

"Andika jina lako hapa, mwanangu," alisema. "Na hapa chini yake, nyumba unayokaa."