Treni Isiyoita Abiria

Pale soko la Gakoromone, mjini Meru, ukitaka minji tamu hutafuti minji. Unatafuta mwanamke mwenye leso mbili kiunoni, anayeongea na watu watatu kwa mara moja huku vidole vyake vikimenya kama vya mtu mwingine. Huyo ni Kathure. Macho yake hayaangalii beseni hata kidogo, na bado punje ya njegere haianguki nje.

Jambo lingine lililomfanya ajulikane ni kwamba hakuwahi kukimbilia gari maisha yake yote. Jioni makanga wa gari la kwenda kwao wangeita, "Kaaga, Kaaga! Mmoja amebaki!" Yeye anaendelea kukunja magunia yake.

"Haijajaa hiyo," angesema. "Huyo mmoja aliyebaki ni mimi."

Na kweli, mwishowe makanga angekuja mwenyewe kumbebea mzigo. "Mama, tafadhali, watu ndani wananitukana." Hapo ndipo Kathure angepanda, polepole, kama bibi harusi.

Mdogo wake, Marete, mwalimu wa hesabu huko Laare, figo zilimharibikia zote mbili. Ndugu wote wanne walipimwa, na aliyefaa kumpa figo moja akawa Kathure.

"Nilijua tu," Kathure alisema. "Tangu utotoni huyu mtoto anachukua vitu vyangu."

Kanisa likafanya harambee, wakasafiri wawili hao hadi Mumbai, kule India. Marete alilazwa hospitalini. Kathure alipata kitanda katika hosteli ya masista, nje ya mji, vituo saba vya treni kutoka kwa mdogo wake. Sista mmoja alimwandikia karatasi: treni ya saa moja na nusu asubuhi, jukwaa la pili, shuka kituo cha saba. Ilionekana rahisi. Tatizo ni kwamba Meru hakuna reli, na Kathure treni aliijua kwa picha tu.

Jumatatu alifika kituoni mapema, amevaa viatu vya kanisani. Alishangaa. Watu walikuwa wengi kuliko Gakoromone siku ya soko, na wote walikuwa wanatembea kama walioibiwa. Treni ikaja. Watu wakamwagika nje, wengine wakamwagika ndani. Kathure akasimama kando awaache walio na haraka wapite, akishika mkoba wake, akingoja mwenye gari amwite.

Treni ikaondoka.

Akasema moyoni, hiyo labda ilikuwa imejaa. Ya pili ikaja, ikaondoka. Ya tatu aliikaribia kabisa, akatazama mlangoni amwone makanga. Hakukuwa na makanga. Kulikuwa na mikono tu imeshika vyuma. Hiyo nayo ikaenda, na upepo wake ukamvua kitambaa cha kichwa.

Alifika hospitalini saa tano, kwa teksi iliyomla pesa za wiki nzima. Daktari hakucheka.

"Mama, Alhamisi saa tatu kamili, bila kula chochote, tunachukua damu yako ya kipimo cha mwisho. Usipofika, siku ya upasuaji ya ndugu yako tunampa mgonjwa mwingine. Nyinyi mtangoja mwezi mzima."

Marete alikuwa kitandani, miguu imevimba kama viazi vikuu. Mwezi mzima hakuwa nao, na wote wawili walijua. Lakini alimtazama dada yake akajaribu kutabasamu.

"Kathure. Ulikuwa unangoja uitwe?"

"Sasa watu wataingiaje bila kuitwa? Hawa watu hawana adabu."

"Dada, hiyo ni treni. Haikujui. Hata ikiwa tupu itaondoka."

"Itaondoka tupu?" Kathure alishika kifua. "Na mwenyewe anakubali?"

Kurudi hosteli jioni hiyo, alijikuta kwenye treni, behewa la wanawake. Aliingia kwa sababu wanawake walimsukuma naye alikuwa mbele yao tu. Akapata nafasi dirishani. Mkabala naye alikaa mama mmoja wa sari ya kijani, mfuko wa minji na sufuria mapajani, akimenya ili akifika nyumbani apike mara moja. Wengine walikuwa wanakata maharagwe mabichi, mwingine anachambua mboga ya majani. Behewa zima lilikuwa jiko.

Kathure alivumilia vituo viwili. Yule mama alikuwa anamenya vibaya. Alikuwa anapasua ganda kwa kucha, punje moja, punje mbili, kama anayetafuta mwiba kwenye mguu. Kituo cha tatu kilimshinda. Alinyoosha mkono, akachota fungu bila kuomba, na vidole vikaanza kazi.

Wanawake waliacha kukata. Kisha mmoja akapiga kelele, wengine wakasogea kuona. Kathure aliwaangalia usoni, hakuangalia minji, na minji ikamwagika sufuriani kama mvua ya mawe. Mfuko uliisha kabla ya kituo cha tano.

"Wewe ni mashine!" akasema yule mama kwa Kiingereza cha kuokotaokota kama cha Kathure mwenyewe. Jina lake lilikuwa Sushila, na alishona nguo katika kiwanda kimoja mjini. Kwa maneno machache na mikono mingi, Kathure alimweleza: mdogo wangu, figo, Alhamisi, saa tatu. Sushila alielewa haraka. Alishika mkono wake.

"Alhamisi tunaenda wote. Saa moja na nusu. Ikija, ingia. Usingoje."

"Nani ataniita?"

Ilibidi Kathure aigize. Alisimama katikati ya behewa, akapiga ukuta kwa kiganja, akaita jinsi wanavyoita kwao: "Gakoromone, Gakoromone! Mmoja amebaki!" Wanawake walicheka hadi mmoja akamwaga maharagwe. Walijifunza neno hilo palepale, wakaliita mpaka kituo cha mwisho.

Alhamisi Kathure aliamka hata sista hajaamka. Hakula. Saa moja na robo alikuwa jukwaa la pili, ameacha viatu vya kanisani, amevaa raba. Sauti ya kipaza ikasema kitu kirefu kwa lugha yao. Ghafla watu wote wakageuka, wakakimbia ngazi za daraja la juu. Jukwaa likabaki wazi.

"Afadhali," Kathure akawaza. "Leo nitapanda kwa nafasi."

Akasimama hapo, ametulia kama mtu aliyefika kwanza kwenye foleni. Ndipo aliposikia, ng'ambo ya reli, kwenye jukwaa la tatu, sauti ya mwanamke ikipasuka:

"Gakoromone! Gakoromone! Mmoja amebaki!"

Sushila alikuwa amesimama pale na wenzake sita, wote wakipiga makofi na kunyoosha vidole. Treni ilikuwa imehamishiwa jukwaa lao, na taa zake zilikuwa tayari zinaonekana kwa mbali.

Mwanamke ambaye hajawahi kukimbilia gari alikaza leso yake akakimbia. Alipanda ngazi mbilimbili, mkoba kichwani, akapita wanaume wa ofisi, akapita muuza chai na birika lake, akawaomba msamaha kwa Kimeru. Aliposhuka upande wa pili treni ilikuwa imesimama na king'ora kinalia. Mikono mitano ikamshika mkono, bega, leso, akavutwa ndani kama gunia la viazi. Treni ikang'oka.

Saa tatu kasoro dakika kumi alimnyooshea daktari mkono. "Toa damu," akasema, bado anahema.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu. Alipoamka, kitu cha kwanza alichoambiwa na nesi ni kwamba Marete amekojoa, tena sana. Figo ilianza kazi hata kabla hajashonwa vizuri. Kathure alicheka mpaka mshono ukamuuma.

Wiki tatu baadaye alirudi kwenye behewa lile la jioni kuwapa habari. Alijaribu kusema kwa Kiingereza, neno likapotea. Akatumia mikono. Behewa zima lilielewa. Lilipiga makofi, na Sushila akalia huku anacheka, minji imemwagika mapajani.

Siku hizi Kathure yuko Gakoromone kama zamani. Juzi Marete alimtembelea, amenenepa, na jioni wakaenda pamoja kwenye steji. Gari la Kaaga lilikuwa linaingia tu. Kathure akalirukia mlangoni kabla halijasimama, akakamata kiti cha dirishani.

Marete alipanda taratibu, akaangalia viti kumi na vitatu vitupu.

"Sasa dada, umekimbilia nini?"

Kathure akatazama nje. Makanga ndiyo kwanza anaanza kuita. Itachukua saa nzima kujaa.

"Nyamaza," alisema, akafungua mfuko wa minji, akamwekea nusu mapajani. "Menya."