Nati za Dhahabu za Mdogo Wangu

Ninapaka rangi nati za magurudumu. Nikisema hivyo watu hucheka, halafu wanaleta zao. Hapa Kalangalala, Geita, ni nadra mchimbaji apate chochote duarani, kwenye shimo la dhahabu, kisha aliache gari lake na nati zilezile za kijivu lilizokuja nazo kutoka Japani. Wengi wanataka rangi ya dhahabu, kana kwamba ile waliyoichimba haiwatoshi machoni.

Kazi yenyewe inataka subira. Naziosha nati kwa petroli, nazipiga msasa, kisha naziba kwa karatasi ya gundi ule mdomo unaokaa kwenye rimu, maana rangi ikiingia pale husagika na nati hulegea. Nazitundika kwenye waya, nazipulizia rangi, na zikishakauka naziingiza kwenye oveni ya mkaa niliyokuwa nikiokea keki. Jirani yangu hupita akauliza keki inaiva saa ngapi.

Mdogo wangu wa kiume alipotoboa kidogo machimboni alinunua Noah, na kabla hajafikiria hata kubadilisha tairi zilizoisha alitaka nati. Gari hilo lilikuwa na safari moja ya maana, kumleta mama kutoka kijijini Didia aje atibiwe macho. Mama alikuwa amekataa muda mrefu. Safari hii alikubali, nami niliogopa hata kumuuliza mara ya pili asije akabadili mawazo.

Nilimkabidhi mdogo wangu nati zikiwa kwenye mfuko. Nikamwambia azipeleke kwa fundi akazikaze, na akishatembea kidogo zikazwe tena. Akanijibu "sawa dada" ile ya mtu asiyesikia. Kumbe hakuzifunga Geita. Aliona vumbi la njiani litazichafua, akazitunza mpaka uani kwa mama, akaosha gari, ndipo akazifunga mbele ya majirani. Ndivyo tulivyo kwetu, kitu kipya lazima kianze kuonekana nyumbani.

Siku ya kurudi alinipigia wakiwa bado hawajafika Kharumwa. Simu aliiweka kwenye spika, nikamsikia mama akikohoa kiti cha nyuma.

"Dada, usukani unatetemeka kidogo. Nadhani ni barabara tu."

"Nati alizikaza nani?"

"Mimi mwenyewe. Nilizungushia kitambaa kwenye spana ili rangi isichubuke. Nikakaza taratibu."

Taratibu! Nilishika kichwa. "Simamisha gari. Toa hicho kitambaa, kaza kwa nguvu zako zote."

"Zitaharibika, dada. Tukifika Kharumwa nitaangalia. Ungeona watu walivyozishangaa..."

"Mama yumo ndani ya hilo gari, wewe!"

Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena na tena, haipatikani. Akilini nililiona gurudumu likichomoka na kuingia shamba la pamba peke yake, na gari likilala ubavu, na mama ndani yake. Nilimkasirikia mdogo wangu, kisha nikazikasirikia zile nati zilizokuwa zikining'inia kwenye waya mbele yangu. Jirani alitokea na swali lake la keki, nikamfokea. Alipoona uso wangu alirudi ndani, akaniletea maji, akakaa nami.

Hatimaye ikaingia namba nisiyoifahamu. Alikuwa mama, ambaye kwa kawaida hata kuishika simu hataki.

"Tumeazima simu ya mchunga ng'ombe," alisema. "Ya huyu imezima. Acha kulia."

"Silii, mama."

"Unalia. Nilikusikia ulivyopiga kelele, nikamwambia asimame la sivyo nafungua mlango. Kuna nati nimeizungusha kwa vidole, mwanangu. Kwa vidole!"

Akanisimulia kuwa mdogo wangu, hata hapo, alichukua tena kitambaa chake. Mama akamnyang'anya. Alipohisi bado anaibembeleza spana, alishikilia mlango wa gari, akapanda juu ya mkono wa spana kwa miguu yake miwili na kuukandamiza kwa uzito wake wote, nati moja baada ya nyingine, magurudumu yote. Nilicheka huku machozi yakinitoka, na jirani naye akacheka bila kujua sababu. Sijui lini niliwahi kuvuta pumzi ndefu namna ile.

Walifika alasiri, polepole. Mdogo wangu alishuka amenuna. Nati zote zilikuwa zimechubuka, chuma kinaonekana kwenye kila pembe, na sijawahi kufurahi hivyo kuona kazi yangu imeharibika. Nilizigusa moja moja. Hakuna iliyotikisika.

Nikamfungulia mama mlango, nikamshika mkono ashuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanasema zilikuwa nzuri sana," alisema, akipapasa kwa mguu kuitafuta ardhi. "Mimi sikuziona. Nimezikanyaga tu."

Nilimkumbatia palepale kando ya gari, nikamwambia hakuna alichokosa.