Raba Nilizozivunjia Chelewa

Mkinicheka nichekeni taratibu, maana mie mwenyewe nikifika katikati ya habari hii huwa nashindwa kuendelea, na aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili, hakuna aliyenituma.

Ilikuwa Temeke, enzi zile Malkia yumo kwenye kila stempu, nami mwalimu msichana wa darasa la kwanza, mrefu, mwembamba, mwenye miguu (acha niseme tu) mikubwa. Si mikubwa kidogo. Kwenye kiwanja cha mchanga cha shule nilikuwa nacheza badminton pekupeku, nakirukia kinyoya popote kilipo, na hapo ndipo Elia, karani mmoja mstaarabu kutoka Upareni, aliponiona akaniomba tucheze pamoja, wawili kwa wawili, dhidi ya watu wa Magomeni, ndani ya ukumbi mpya.

Sasa ukumbi ule ulikuwa na sakafu nyekundu iliyong'arishwa kila asubuhi na msimamizi wake, Mzee Kondo, ambaye aliipenda kuliko wake zake wote wawili. Kiatu kigumu huingii nacho, na pekupeku ndio usithubutu kabisa. "Raba," alisema, "ama rudi kwenu."

Elia akaniambia yeye kazi yake iko mjini, atapita dukani, nimpe kipimo tu. Mnakumbuka vipimo vya siku zile: unachomoa chelewa kwenye ufagio, unaikanyaga, unaivunja sawa na unyayo wako, na muuzaji anaitumbukiza ndani ya kiatu, ikilala vizuri bila kupinda basi kiatu hicho ni chako. Nikakaa kizingitini, nikapima, nikaona chelewa ilivyo ndefu (ungedhani napima mlango), nikamwaza Elia akiitoa mfukoni mbele ya muuzaji, na Elia nilikuwa nampenda, sina haja ya kuficha. Nikaivunja pale vidole vinapoanzia. Nikaitazama. Nikaivunja tena kidogo.

Raba zikaja, nyeupe, nzuri, ndogo za kutia huruma.

"Muuzaji kasema mwenye mguu huu amejaliwa," Elia akaniambia, huku anaangalia pembeni kwa haya. Nikasema ahsante. Akaongeza kwamba mama yake ameshuka kutoka milimani na Jumamosi atakuja kututazama tukicheza. Alisema kututazama, lakini sote tulijua anakuja kunitazama mie, na asiponipenda hakuna posa itakayotoka kwao.

Jumamosi miguu ikagoma. Nikasukuma, nikatia kijiko kisiginoni, kijiko kikapinda. Ndipo likanijia wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana: nikachukua sabuni ya kufulia, nikailowesha, nikajipaka nyayo zote mbili, na miguu ikaingia, vidole vimejikunja ngumi. Njia nzima hadi ukumbini nilikuwa natabasamu kwa meno yaliyoumana.

Mama yake Elia alikuwa amekaa benchi la mbele, upande wa watu wa Magomeni, mwanamke mfupi, mpana, mwenye macho yasiyopepesa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu," akajibu, akanipima kuanzia kilemba mpaka chini, na kule chini akakaa muda mrefu.

Tukaanza vizuri, wallahi tulianza vizuri! Lakini mtu anayecheza anatoka jasho, na jasho likikutana na sabuni ndani ya kiatu mnajua wenyewe. Kwanza nikasikia kitu kinalia kwachu, kwachu. Kisha povu likaanza kutoka kwenye matundu ya kamba.

"Mwalimu," Elia akaninong'oneza, "mbona raba zako zinachemka?"

"Cheza!" nikamwambia.

Kinyoya kikaja juu, nikakirukia, nikakipiga hasa, kisha nikatua kwenye povu langu mwenyewe juu ya sakafu ya Mzee Kondo. Nikateleza. Nikapita chini ya wavu nimekaa kitako, raketi iko hewani, wale wawili wa Magomeni wakanipisha kwa adabu (mmoja hata alisema "karibu"), nikaenda moja kwa moja mpaka benchi la mbele, na miguu yangu yote miwili ikatua mapajani mwa mama yake Elia.

"Sakafu yangu!" Mzee Kondo akapiga yowe. "Jamani, sakafu yangu!"

Nikataka kufa. Mama mkwe mtarajiwa, mtu ambaye kwa heshima hata kumtazama usoni nilikuwa naogopa, na nimempelekea nyayo!

"Mguu huu unanyongwa," akasema, akakamata kisigino. Nikamsihi aache, mama nakuomba, lakini alishavuta, na kwa ile sabuni kiatu kikachomoka ghafla, yeye na benchi wakaenda chali. Aliinuka mwenyewe, kilemba kimeziba jicho moja. Akachukua ile raba, akaibandika kwenye unyayo wangu mbele ya watu wote. Vidole vikabaki nje, vyekundu.

"Elia, hiki ulimnunulia nani?"

"Mama, nilipima kwa chelewa yake mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikasema kwa sauti ndogo, "Niliivunja." Nikainua vidole viwili vya mkono. "Mara mbili."

Jamani! Watu walicheka mpaka wakakaa chini, Elia akiwa wa kwanza, na mama yake akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono uliojaa povu langu, likamwasha, akacheka huku analia. Mchezo tukashindwa hapo hapo, kwa kuwa Mzee Kondo aligoma kabisa nisimalizie pekupeku.

Mama akanishika mguu mara ya mwisho, akaugeuza huku na huku. "Mwanangu," akaniambia, "kwetu ni mlima mtupu. Mwenye mguu mdogo kule anabebwa."

Posa ililetwa kabla vidole vyangu havijanyooka. Na tangu siku hiyo nimejiapiza: nikiingia duka la viatu nataja namba yangu kabla hata ya salamu, tena kwa sauti, na walioko nje wasikie.