Salfa Mgongoni mwa Mama Ethel

Mke wangu anakimbia. Mara ya kwanza niliposema hivyo mbele ya watu ilikuwa kilabuni, mwaka wa tisini na sita, na wenzangu wote wakaweka vikombe chini. Hapa Makote mtu mzima akionekana anakimbia kuna msiba, kuna mgonjwa au kuna mwizi. Mmoja akauliza, "Anamkimbia nani?" Mwenzake akamsahihisha, akasema la kuuliza ni anamkimbilia nani. Walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo nilikuwa nalo tangu mwezi wa tano, alipoanza.

Niseme ukweli wangu mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Serikali ilipomruhusu kila mwenye fedha kununua korosho, wakaanza kupanda huku vijana wa kutoka Masasi na mizani zao mpya, mimi nilikwenda na jiwe langu mwenyewe ninalolijua uzito, nikaliweka kwenye kila mizani kabla sijamwaga hata punje. Walinichukia na sikujali. Mitumba nageuza mifuko ndani nje kabla ya kununua. Mtu wa namna hiyo, mkewe akiamka alfajiri akavaa raba akatoka mbio, mnataka afanye nini? Alale?

Mke wangu, Dominika, ni wa hapa hapa. Mimi natoka upande wa Masasi, nikaoa nikahamia kwao, maana kwetu Wamakonde watoto ni wa upande wa mama, na mjomba wa mke ana sauti kuliko mume. Nyumba niliijenga mimi kwa mikono hii, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya ukoo wa mkwe wangu. Mikorosho pia. Siku ndoa ikivunjika nachukua blanketi langu na jembe langu, basi. Kwa hiyo nilipomshuku Dominika sikuwa nacheza, maana nilikuwa naona mpaka njia nitakayoondokea.

Zamani alipokuwa darasa la sita alikimbia mita mia nane kwenye mashindano ya shule kule Masasi, akawa wa pili, akapewa sahani ya bati. Alinisimulia mara moja tu, mwaka tuliooana, na mimi nikasikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za utoto. Baadaye akazaa Ethel, akazaa wengine watatu. Akawa anashuka bondeni kuchota maji na kupanda na ndoo kichwani, saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi, kwa sababu uwanda wetu huu una kila kitu ila maji. Ungemuuliza mtu yeyote Mama Ethel ni mtu wa namna gani, angekuambia ni mchapakazi, hana maneno. Hata mimi ningekujibu hivyo.

Mtoto wa nne alipoachishwa ziwa, Dominika alikwenda mnadani Masasi kuuza mbaazi akarudi na raba za mitumba. Ya kushoto ilikuwa kubwa, akaijaza kitambaa kwenye ncha. Kesho yake, kabla jogoo wa jirani hajamaliza fujo zake, nikasikia mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kukimbia."

"Kukimbia wapi?"

"Barabarani."

"Kufanya nini?"

"Kukimbia, Baba Ethel."

Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu ya kila asubuhi. Akirudi nilikuwa na mengine tayari: umepita wapi, umekutana na nani, mbona jana ulirudi kabla ya jua na leo jua limekutangulia? Alijibu kwa maneno mawili matatu, akaikaza kanga, akawasha moto.

Nilidhani atachoka. Wanawake wa kanisani walimsema, mama yake alimwambia atajiharibu kizazi, mvua za mwisho zikafanya barabara tope tupu. Hakuchoka. Maji aliyachota jioni ili asubuhi isimdai. Alitwanga usiku uliotangulia, akamwekea Ethel uji wa wadogo zake karibu na mafiga. Siku moja nilizificha raba kwenye mtungi mtupu. Alikimbia peku, akarudi akala uji, hakuniuliza kitu. Na kila alipokimbia alichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Watu wengine wangeona mistari tu. Mimi nilihesabu. Juma hili mitano, juma lile minne, na juma ambalo mtoto alikuwa na homa hakuna hata mmoja, na juma hilo hilo Dominika mwenyewe alikaa amenuna. Nikasema moyoni, mwanamke huyu anahesabu siku za kuonana na mtu.

Halafu ukaja mwezi wa saba, na salfa.

Mikorosho bila salfa inashikwa na ukungu, maua yanakauka. Unga wake wa manjano hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani ili ushike, na upepo haujaamka. Enzi za ushirika salfa ililetwa, tukalalamika kwamba imechelewa. Sasa ililetwa na mwenye duka, kwa bei ya mwenye duka, na mwaka huo sisi hatukupuliza hata mti mmoja. Mimi nilikuwa mchungu kwa jambo hilo. Basi asubuhi moja Dominika akarudi, akainama kuchochea moto, nikaona mgongo wa gauni lake wote manjano.

 Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa chini.

Mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni inayonguruma kama pikipiki, upande wetu alikuwa nayo mtu mmoja. Bwanali. Alifiwa na mkewe mwaka uliopita. Ana baiskeli, ana redio, ana sauti nzuri, akimsalimia mke wa mtu anauliza na habari za kuku. Shamba lake liko kandokando ya barabara, karibu na ukingo ambapo uwanda unakatika. Kwetu hakuna salfa, mgongo wa mke wangu una salfa. Mimi ninayepima mizani kwa jiwe, hesabu hiyo ingenishinda wapi?

Nililiiba lile gauni kabla halijafuliwa nikalikunja chini ya godoro. Nikaandika barua kwa mjomba wake, Mzee Christopher wa Chiwata, nikampa utingo wa basi la Masasi. Niliandika: "Mjomba, njoo, nyumba inaungua." Kwa mila zetu huwezi kumfukuza wala kumtuhumu mke peke yako; unamwita mwenye mtu wake, unasema neno lako mbele yake, na ushahidi unauweka chini wote mkauona. Ukishindwa kuthibitisha, mjomba ana haki ya kuondoka na mtu wake. Na kwa kuwa hapa ni kwao, maana yake anayeondoka ni wewe.

Mzee Christopher alifika Jumatano jioni, kofia mkononi, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Dominika alimwamkia, "Shikamoo mjomba," kwa furaha, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameshaelewa. Tukakubaliana kikao ni asubuhi, baada ya uji.

Gauni peke yake nililiona haba. Nilitaka kumkamata. Kwa hiyo Alhamisi nilitangulia mimi, giza bado, nikaingia shambani mwa Bwanali, nikajificha chini ya mkorosho wenye matawi yanayogusa ardhi. Baridi ilikuwa kali. Nilitetemeka huku nikipanga maneno ya kumwambia Mzee Christopher, na niseme ukweli, nilikuwa na furaha ya ovyo, furaha ya mtu anayekaribia kuthibitishiwa ubaya aliousema.

Bwanali akaja na mashine yake. Akaivuta kamba, ikanguruma, na wingu la manjano likatoka likaja moja kwa moja nilipo. Salfa ikiingia machoni inachoma kama pilipili. Nilijiziba mdomo kwa shati nisikohoe. Likaja wingu la pili. Machozi yakinitiririka nikamsikia Dominika kabla sijamwona, zile raba, puta, puta, puta, kwenye mchanga.

"Mama Ethel, leo umechelewa!" Bwanali akapaza sauti.

"Wewe ndiye umewahi!"

Hakusimama. Barabara yote ilikuwa imejaa unga, naye akaupita katikati, wingu likimfuata kwa nyuma, akatokea upande wa pili na mgongo wa manjano. Bwanali alikwishageukia mti mwingine. Hayo ndiyo yaliyokuwepo kati yao, na nimeyaandika yote.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nilisema, basi atakuwa mwingine, yuko mbele. Nikatambaa mpaka mwisho wa shamba, ambapo ukingo unaonekana. Dominika alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, bonde lote chini yake limejaa ukungu. Hapakuwa na mtu. Nilisubiri atokee mtu. Alichofanya mke wangu ni kucheka, peke yake, kwa sauti, kama msichana aliyeshinda mchezo. Nimeishi naye miaka kumi na minne na kicheko kile sikuwa nakijua.

Alipogeuka nilikatiza katikati ya mihogo, nikakimbia na mimi, mara ya kwanza tangu ujana wangu, nikafika nyuma ya choo chetu pumzi hakuna. Yeye alikuja kwa barabara. Kwenye mkorosho wa mwisho kabla ya uwanja wetu alipunguza mwendo, akasimama. Akajifuta uso. Akaitoa kanga pale alipoiacha kwenye tawi, akajifunga taratibu, na alipokuwa akijifunga uso wake ulibadilika, ukawa ule ninaoujua mimi, uso ambao siku zote nilidhani alizaliwa nao. Kisha akasimama tu. Alikaa pale muda wa kutosha mtu kusali Baba Yetu mara mbili, anatazama nyumba, kabla hajaingia.

Niliona aibu, nikaingia uwanjani bila hata kujikung'uta.

Mzee Christopher alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, uji umekwisha. Nilipotokea alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nywele zangu zilikuwa manjano, nyusi manjano, shati lote manjano.

"Baba Ethel," akasema polepole, "mmepuliza salfa?"

"Hapana, mjomba."

"Basi ulikuwa kwa nani?"

 Gauni lilikuwa chini ya godoro na likabaki huko huko. Nilisema sina neno, kwamba niliandika barua kwa hasira, anisamehe kwa nauli na usumbufu. Dominika ndiye aliyesema.

"Mjomba, anadhani nina bwana."

"Unaye?"

"Sina."

"Sasa unakimbilia nini, mwanangu? Watoto wanne, maji bondeni, shamba. Hujachoka?"

Alifikiri. Dominika si mtu wa maneno, nimekwisha kusema.

"Nachoka, mjomba. Ila kule hakuna anayeniuliza nimetoka wapi."

Mzee Christopher aliinamisha kichwa. Ethel alikuwa mlangoni na mdogo wake mgongoni, naye akatazama chini. Kisha mjomba akasema ameshasikia, na kwamba kwa haki yake yupo tayari kufanya moja kati ya mambo mawili: anirudishe mimi kwetu, au, kama Dominika anataka kupumzika kutokana na macho ya watu, aondoke naye na watoto kwenda Chiwata mpaka mioyo itulie. Achague mwenyewe.

"Nitakujibu kesho," Dominika alisema. "Nikishakimbia."

Ijumaa nilikuwa macho kabla yake. Nilimsikia akijipapasa gizani, akikaza kile kitambaa kwenye ncha ya raba. Alifungua mlango. Akasimama kizingitini, hakutoka. Nikatambua kwamba alikuwa anangoja swali langu, kwa mazoea, ili alijibu aende. Nalo lilikuwa ulimini, Mungu anajua. Niliuma shuka.

Alitoka. Jua likachomoza, likapanda juu ya paa la jikoni. Mzee Christopher alikaa na mfuko wake miguuni. Muda wa Dominika wa kurudi ulipita. Ethel aliwapa wadogo zake uji, akasuuza sufuria, akaanza kuisuuza tena. Mimi nilikuwa natazama barabara, na safari hii sikuwa natafuta mwanamume.

Alirudi jua kali, anatembea, raba mkononi, damu kwenye kidole gumba. Alikwenda mbali kuliko siku zote, alisema, mpaka karibu na mjini. Akamwambia mjomba wake, "Panda basi, mjomba. Nabaki."  Akaingia jikoni, akachora mstari.

Imepita miaka. Bwanali ameoa tena na tulikula pilau kwake. Mizani bado napima kwa jiwe. Dominika bado anakimbia, na mimi simuulizi anakwenda wapi wala ametoka wapi, na watu kilabuni wanasema nimetulia, nimeacha kushuku. Hawajui kitu. Zamani nilishuku kwamba anakwenda kwa mtu. Sasa kila asubuhi mlango ukifungwa nashuku kwamba safari hii, akifika kule ukingoni, hatageuka, na nalala pale nikisikiliza mpaka nimsikie anaingia uwanjani.