Mayai ya Rebeka na Waya Wangu

Rebeka Alute alihamia Mandewa kutoka Ihanja baada ya kufiwa na mumewe, akapanga nyumba inayopakana na yangu. Alikuja na kuku saba wa kienyeji. Baada ya miaka minne kuku wake walikuwa wanapanda mabasi ya Dar es Salaam kila wiki. Kisha akapata mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku la mbao lenye kioo kidogo kinachoonyesha namba za joto, akaiweka jikoni. Namba haikutakiwa kufika thelathini na tisa.

Mimi ni mtu wa redio. Si ya kusikiliza habari, ni ya kuongea na watu wa nchi za mbali, kwa leseni, kwa kupenda tu. Shule niliishia darasa la nne. Redio nilifundishwa na marehemu Urbano, aliyekuwa mpiga simu ya upepo stesheni ya Itigi, na vitabu alivyoniachia.

Urbano alikuwa na sharti moja. Ukifunga waya mpya wa kurushia mawimbi, unapiga hodi kwa kila jirani, unamwomba awashe alichonacho, unakaa naye huku mwenzako anarusha. Redio ya jirani ikikoroma, kosa ni lako, unalitengeneza wewe. Itigi tulizunguka nyumba hadi nyumba, tukipewa uji na karanga, kazi ya saa moja ikamaliza siku. Siku hizi watu wanapanda vipande vya chupa juu ya kuta, na msiba wa jirani unausoma kwenye simu. Nilijiambia hakuna tena wa kumpigia hodi. Mwaka jana nilipovuta waya mpya kutoka kwenye tangi la maji hadi kona ya ukuta, karibu kabisa na jiko la Rebeka, sikuzunguka.

Lakini Rebeka hakuwa mtu wa kuta. Kila asubuhi alisimama getini kwangu na shikamoo yake. Jumapili aliniletea mayai matatu.

Jioni moja alikuja, mikono imejaa pumba. Alisema namba za mashine zinashuka hadi ishirini wakati ndani kunaunguza, halafu zinatulia zenyewe. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni fundi, shida ni nini. Nilijua palepale. Waya wa kupimia joto ulikuwa unadaka mawimbi yangu, mashine inadhani mayai yana baridi, inazidisha moto. Lakini wiki ile nilikuwa namtafuta redioni mtu wa Brazili niliyemwinda miaka mingi. Kukiri kulimaanisha kuzima.

"Vitu vya siku hizi, mama," nikamwambia. "Vya bei rahisi."

Alicheka. "Basi nitayaatamia mwenyewe, mzee."

Mayai yalipofika siku ya kumi na tisa nikampata Mbrazili. Tuliongea dakika arobaini. Rebeka alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Kesho yake nilimkuta nyuma ya jiko, kando ya shimo, akivunja mayai themanini na mawili, moja moja. Vifaranga walikuwa wameshaota manyoya. Aliniamkia kwanza. Kisha akasema hii ni mara ya pili, na wateja wa Iguguno wamechoka kumsubiri. Ataiuza mashine, arudi Ihanja kwa kaka yake akalime alizeti.

"Ulisema kweli, mzee. Ni ya bei rahisi."

Nyumbani nilikuwa na kopo la pete nyeusi za feraiti, zinazozuia mawimbi yasiingie kwenye waya, nilizozitoa kwenye nyaya za kompyuta mbovu. Zilikuwepo tangu mwanzo. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Nikalichukua, nikapiga hodi.

"Rebeka, ni redio yangu."

"Siku ile nilipokuja, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Alisogea mlangoni nipite.

Niliuzungusha waya wa kipimo kwenye pete mara nane, na wa umeme vivyo hivyo. Nikahamishia waya wangu upande wa barabara, nikapunguza nguvu. Kisha nikarusha, naye akanisomea namba kutoka upande wa pili wa ukuta. Haikuruka.

Hajahama. Mayai mapya leo yana siku kumi na moja. Kila jioni kabla ya kuwasha ninakwenda kupiga hodi kwake. Ananiamkia, maana ana adabu, lakini mayai ya Jumapili hayaji tena.

"Thelathini na saba na nusu," anasema, anafunga mlango.

Narudi kwenye redio. Siku nyingine siiwashi.